Katoto kamenipiga tobo

Jana jioni nilikuwa mchangani Shangani, hapa Mtwara, na watoto ninaowafundisha mpira, miaka 5 hadi 7. Habari ya namba uwanjani, nani acheze wapi, hawaijui: mpira ukienda, wote wanane wanaufuata kama nyuki. Zamani ningepiga kelele "tawanyikeni!" Siku hizi nawaacha, umri huo kila mtu anataka kuugusa tu. Wanne kwa wanne, mpira mdogo wa saizi namba 3, magoli ni ndala.

Kuna katoto kamoja, kaptula ya kaka yake imefungwa kamba. Kakaukokota mpira vizuri kabisa, hadi golini kwao. Goli! Mikono juu, kanashangilia. Baba mmoja pembeni akafoka, "We mjinga, huko kwenu!" Katoto kakasimama, mdomo ukaanza kucheza.

Nikachuchumaa mbele yake. "Umewapita watatu, nimekuona. Haya, nipite na mimi." Akafuta kamasi kwa kiganja, akanipitisha mpira katikati ya miguu. Tobo! Mtu mzima nikakaa chini, watoto hoi kwa kicheko.

Yule baba nilimvuta kando, nikamwamkia vizuri, nikamwomba: mzee wangu, hapa tunapiga makofi tu. Alininunia. Leo kaja mapema kuliko wote, kabeba ndoo ya maji ya kunywa.