Jerez, Mji wa Farasi Wanaocheza

Treni ya kutoka Sevilla kwenda Jerez de la Frontera, kusini mwa Hispania, huchukua kama saa moja, na njia nzima ni mashamba: alizeti, ngano, kisha mizabibu iliyopandwa kwenye udongo mweupe wa chokaa. Nilikuwa nakwenda kwenye chuo cha farasi wanaocheza, na nilichagua kufika siku ya mazoezi kwa makusudi. Maonyesho yenyewe kwa kawaida huwa Jumanne na Alhamisi saa sita mchana, na wageni wengi huja siku hizo, wakapiga makofi, wakaondoka zao. Mimi video nilikuwa nimeziona za kutosha. Nilichotaka kujua ni namna farasi anavyofundishwa mpaka akafika pale. Mnyama wa kilo mia tano anakubalije kujiinua akasimama kwa miguu ya nyuma kwa sababu tu mtu kamgusa kwa ufito?

Chuo hicho kinaitwa Real Escuela Andaluza del Arte Ecuestre, na kiko ndani ya bustani ya jumba la kifahari la karne ya 19 liitwalo Recreo de las Cadenas. Mwanzilishi wake ni Álvaro Domecq Romero, mtu wa ukoo mkubwa wa wafanyabiashara wa mvinyo, naye mwenyewe alikuwa akipambana na fahali akiwa juu ya farasi. Mwaka 1973 alitunukiwa Farasi wa Dhahabu, tuzo kubwa ya Hispania kwa watu wa farasi, na katika sherehe hizo, mbele ya Juan Carlos aliyekuwa bado mwanamfalme, akaonyesha kwa mara ya kwanza onyesho ambalo hadi leo lina jina lile lile: Jinsi Wanavyocheza Farasi wa Andalusia. Ukumbi wa ndani, wenye viti 1,600 na uwanja wa mchanga wa manjano, ulikamilika mwaka 1980.

Asubuhi ile ukumbi ulikuwa karibu mtupu. Aliingia dume mmoja wa kijivu mwenye madoa, shingo ameikunja vizuri, masikio yakigeuka huku na huku kumsikiliza mwalimu. Hakuwa amepandwa. Mwalimu alitembea kwa miguu karibu na bega lake, mkono wa kushoto umeshika hatamu, wa kulia una ufito mrefu mwembamba. Wakasimama kando ya ukuta, ili farasi awe na ukuta upande mmoja na mwalimu upande wa pili. Mwalimu akatoa mlio mdogo kwa ulimi, kisha akamgusa kidogo tu juu ya kwato la nyuma. Mguu ukainuka. Akagusa wa pili, nao ukainuka. Zikaja hatua tatu, nne za matiti, ule mwendo wa farasi wa kati ya kutembea na kukimbia, miguu ikipanda na kushuka kwa kupokezana, lakini farasi hakusogea mbele hata shubiri. Papo hapo mwalimu akanyamaza, akalegeza hatamu, akatia mkono mfukoni na kutoa kipande cha sukari.

Mara ya tatu farasi alikataa. Alisukuma makalio kando, akatikisa kichwa, mkia ukapiga hewa. Nilidhani sasa ufito utafanya kazi yake. Mwalimu akamgeuza taratibu, wakazunguka uwanja wakitembea tu, kama watu waliotoka kupunga upepo, wakarudi palepale ukutani. Akaomba tena. Zikaja hatua mbili nzuri. Sukari, na somo likaisha kwa siku ile. Farasi akapelekwa bandani hata jasho halijamtoka.

Jirani yangu pale jukwaani alikuwa mzee wa hapohapo Jerez aliyeishi maisha yake yote kwa kazi ya usaisi. Nilimuuliza mbona somo ni fupi namna ile. "Mwanangu," aliniambia, "ukiendelea baada ya kuzipata zile hatua mbili, utakuwa umemwadhibu kwa kufanya vizuri." Baada ya hapo nilianza kuitazama mikono ya walimu badala ya miguu ya farasi, na kila kitu kikanifungukia. Kazi yote imo katika kule kulegeza. Farasi hawezi kuunganisha adhabu ya sasa na kosa la dakika iliyopita, lakini anajua fika kwamba mzigo uliondoka mdomoni mwake pale alipofanya jambo fulani, na kesho atalitafuta jambo hilo mwenyewe. Kuchelewa kulegeza ni kumfundisha kitu kingine kabisa.

Miaka mitatu au minne ya mwanzo ya maisha yake farasi huachwa akue. Kisha huzoeshwa kamba ndefu, akizunguka duara na mtu katikati, apate mizani na kujua sauti ya mwalimu. Tandiko huja baadaye, na mpandaji baadaye zaidi. Huanza kufundishwa mambo ambayo hayana mvuto wowote kwa mtazamaji: kwenda moja kwa moja bila kuyumba, kusimama, kukunja mwili kwenye kona. Polepole anajifunza kuhamishia uzito wake nyuma. Hapo ndipo penye siri ya mwili. Farasi akiachwa hivihivi hubeba uzito mwingi zaidi kwa miguu ya mbele. Farasi anayecheza ameushusha kwenye makalio, akakunja viungo vya nyuma, na mbele kukawa kwepesi. Farasi wa mbegu safi ya Kihispania amejaliwa umbo la kazi hiyo: mgongo mfupi, makalio yenye nguvu, shingo iliyojengeka juu. Kwa hiyo kile anachoombwa ni kitu ambacho dume yeyote hukifanya malishoni akijionyesha kwa majike. Mwalimu anachotafuta ni akifanye kwa utulivu, kwa wakati anaoombwa, akiwa na mtu mgongoni.

Sisi tuliokulia Lamu na punda tuna majina ya miendo yote ya barabarani, telki, matiti, na shoti ya mbio, na nilikuwa nikiyatamka moyoni kadiri farasi walivyopita. Ila kulikuwa na miendo isiyojulikana kwetu. Piafe ni yale matiti ya papo hapo niliyoyaeleza. Pasaji ni matiti yanayosonga mbele, lakini kila hatua inakawia hewani. Hatua ya Kihispania ni pale farasi anapotembea akinyoosha mguu wa mbele mzima hadi usawa wa kifua. Halafu kuna miruko, ambayo si kila farasi hupewa. Walimu humsoma kila mmoja na kuchagua kile anachokielekea. Niliuona mruko wa kabriola kwa karibu kabisa, nadhani mita sita tu kutoka nilipokaa. Dume jeupe alijikusanya, akainuka mbele, akaruka miguu yote minne ikawa hewani, kisha akiwa bado juu akarusha mateke mawili ya nyuma kwa pamoja. Nilisikia upepo wa kwato. Alipotua alisimama tuli, na mwalimu wake akamkumbatia shingo.

Chimbuko la yote haya ni vita pamoja na uchungaji wa ng'ombe. Eneo hili lilikuwa mpaka kati ya Waislamu wa Granada na Wakristo wa Castilla, na wapanda farasi wa Kiberiberi kutoka ng'ambo, Afrika Kaskazini, walikuja na mtindo wao wa kupanda kwa vikuku vifupi vya kukanyagia, wepesi wa kugeuka na kutoroka. Vita vilipokwisha, kazi ya kuchunga fahali mashambani ikaendeleza ustadi uleule. Fahali akikurupuka, farasi lazima akalie makalio yake, ageuke palepale na kupiga shoti. Wachungaji hutumia mti mrefu wa karibu mita nne uitwao garrocha, na katika maonyesho utamwona mpandaji ameusimika mti huo mchangani huku farasi akiuzunguka kwa shoti fupi, akipita chini yake bila kuugusa, hatamu zikiwa katika mkono mmoja. Kwangu hilo ndilo tendo zuri kuliko yote, kuliko hata miruko, kwa kuwa bado unaiona kazi ndani yake.

Siku ya maonyesho wapandaji walivaa makoti ya mtindo wa karne ya 18, na singa za farasi zilisukwa. Wengi huamini kwamba farasi hufuata muziki. Nilikuwa nimewaona wakicheza asubuhi bila muziki wowote, kwa mdundo uleule usiotetereka, kwa hiyo nilijua kwamba mahadhi huchaguliwa yalingane na hatua za farasi, kisha mpandaji ndiye anayevishikanisha viwili hivyo. Katika gwaride la mwisho farasi walipishana kwa mistari iliyokatana, pua ya mmoja ikiponea chupuchupu mkia wa mwingine, na ukumbi mzima ukasimama. Nami nilisimama, nikapiga makofi hadi viganja vikaniuma. Watu wa chuo hiki wamekwenda mbali: Rafael Soto na Ignacio Rambla walikuwa katika timu ya Hispania iliyoshinda medali ya fedha kwenye Olimpiki ya Athens mwaka 2004, na Soto alimpanda Invasor, farasi wa Kihispania.

Lakini mila hii ina upande wake mchungu, na nisiposema nitakuwa nimewadhulumu wanyama wenyewe. Tangu zamani Hispania wametumia chuma chenye meno kinachokaa juu ya pua ya farasi, serreta, na wapo farasi wazee wenye makovu puani hadi leo. Katika tamasha moja la kijijini nilimwona farasi akilazimishwa kukanyagakanyaga juu ya jukwaa la mbao, mdomo umeachama, macho yamemtoka, mkia unazunguka bila kukoma, na watu wanashangilia. Ile haikuwa ngoma. Alikuwa akitafuta pa kukimbilia. Ukitaka kujua tofauti, usiangalie miguu. Angalia masikio kama yametulia, mkia kama unaning'inia na kuyumba na mwendo, mdomo kama umefumba ukitafuna taratibu.

Jumamosi nilikwenda Yeguada de la Cartuja, nje kidogo ya mji. Jina linatokana na watawa wa Kikartusi waliozalisha farasi hapo jirani kwa karne nyingi, na walipotawanywa wakati wa vita vya Napoleon familia ya Zapata ndiyo iliyookoa mbegu hiyo. Leo shamba ni mali ya serikali. Waliachia kundi la majike na watoto wao lipite uwanjani, majike meupe pe, watoto weusi na wa hudhurungi, kwa kuwa farasi hawa huzaliwa na rangi ya giza na kupauka mwaka hata mwaka.

Ukipata nafasi ya kwenda, fuata mpangilio huo: mazoezi kwanza, maonyesho baadaye, Cartuja mwisho. Kwenye mazoezi kaa viti vya chini karibu na ukuta, usipige picha kwa mwanga, na kitafute kipande cha sukari kinapotoka mfukoni. Jumba la matandiko nalo usiliache. Mafundi wa ngozi wa chuo hushona kila kitu kwa mkono, na wanafunzi hukaa pembeni yao wakijifunza kushona lijamu na hatamu za farasi ambao bado hawajaanza hata kuvaa tandiko.