Vifungo Viwili vya Shati la Babu

Juzi binti yangu alisimama mbele ya picha ya babu yake iliyoko ukutani, akaikodolea macho kwa muda usio wa kawaida kwa mtoto wa umri wake, kisha akauliza: "Mama, mbona vifungo hivi viwili vimevunjika mahali pamoja?" Nilisogea, ingawa sikuhitaji kusogea. Kifungo cha pili na cha tatu cha shati la baba yangu vina pengo dogo upande wa kushoto, lenye umbo lile lile, na juu ya kila kimoja kimechomoza kijiuzi kilichopinda kwa namna ile ile. Miaka yote hiyo hakuna mgeni aliyewahi kuliona jambo hilo. Mimi nalijua tangu siku ya kwanza, kwa sababu ni kazi ya mikono yangu.

Ilikuwa mwaka 2009. Mama alikuwa ameiazima picha hiyo kwa Mjomba, nakala pekee iliyosalia ya baba akiwa kijana, nyeusi na nyeupe, yenye mkunjo uliokatiza kifuani na kumeza kifungo kizima, akaniuliza kama ile kompyuta yangu isingeweza kuipiga pasi. Nilimjibu kwamba ingeweza. Sijui nilipata wapi ujasiri huo, maana hadi siku ile sikuwa nimewahi kuhariri picha yoyote, wala sikujua kwamba kuna watu wanaoifanya kazi hiyo kwa utaratibu.

Niliiskani picha kwa nukta 300 kwa inchi, nikapakua GIMP, programu ya kuhariri picha ambayo niliichagua kwa sababu moja tu: ni ya bure. Baadaye nilisoma kwamba ilianzishwa mwaka 1995 na wanafunzi wawili wa Chuo Kikuu cha California kule Berkeley, nikafarijika kidogo kuona kwamba hata walioiunda walikuwa bado wanasoma, lakini usiku ule faraja hiyo sikuwa nayo. Toleo la wakati huo lilifunguka kwa madirisha yaliyotawanyika, la zana upande mmoja, la matabaka upande mwingine, la picha katikati, na saa nzima ya kwanza niliimaliza nikitafuta dirisha lililojificha nyuma ya jingine. Kisha brashi ikagoma kupaka. Niliibadilisha rangi, nikaikuza, nikaifunga programu na kuifungua tena, na kila niliporudi nikatenda kosa lile lile, hadi nilipogundua kwamba nilikuwa nikichagua kipande kidogo cha pembeni bila kujua, na kwamba programu hupaka ndani ya kile kilichochaguliwa tu. Nilicheka peke yangu, kicheko cha mtu ambaye amesukuma mlango wa kuvuta.

Kitu kilichonikomboa ni zana yenye alama ya muhuri. Unashikilia kitufe cha Ctrl, unabofya mahali palipo pazima, kisha unapaka mahali palipoharibika, nayo inahamisha kile cha kwanza juu ya cha pili. Nilibofya kitambaa kizima cha shati, nikapaka juu ya mkunjo, na mkunjo ukatoweka. Nilipofika kwenye kifungo kilichomezwa, nikabofya kile cha juu yake, nikakishusha chini pamoja na pengo lake na kijiuzi chake. Niliviona vifungo viwili pacha, nikajua si sawa, lakini furaha ilikuwa imeshanizidi.

Hapo ndipo nilipoliona lile doa. Lilikuwa kwenye shavu la kushoto, karibu na taya, dogo kuliko kichwa cha kiberiti. Nililikuza hadi asilimia 800, na kwa ukubwa huo hapakuwa tena na uso wa mtu, palikuwa na miraba ya kijivu tu, na katikati yake miraba 30 hivi iliyokuwa myeusi zaidi. Baba alifariki nikiwa sijafikisha miaka miwili, kwa hiyo sikuwa na kumbukumbu ya shavu lake ya kuniambia lolote. Nilishikilia Ctrl, nikabofya pembeni kidogo palipo safi, nikarudi juu ya doa, nikabofya mara moja. Liliondoka lote kwa pigo hilo moja. Nilibonyeza Ctrl na Z, likarudi. Nikaliondoa tena. Nakumbuka nilifanya hivyo mara tatu au nne, likija na kuondoka kama kope inayopepesa, na nilichokuwa nikikifurahia si shavu safi hata kidogo, bali ule uwezo mpya wa kidole changu. Mara ya mwisho niliacha limeondoka.

Yaliyofuata yalichukua chini ya dakika moja. Nilihifadhi kazi juu ya faili lile lile la picha, la aina ya JPEG, nililoskani, likaja dirisha dogo likiniuliza juu ya ubora, nikakubali bila kusoma, nikazima kompyuta nikalale. Sikujua kwamba orodha ya hatua za kurudi nyuma huishi muda ule tu picha ikiwa wazi.

Mama alipoishika picha iliyochapishwa alisema, "Ahsante, mwanangu, amerudi." Kisha kidole chake kikasimama karibu na taya. "Hapa si alikuwa na baka?" Akafikiri. "Au lilikuwa la kaka yake?" Mjomba, kwa uhakika wa mtu anayependa kusema kwa uhakika, alisema kwamba lile lilikuwa uchafu wa nzi na kwamba yeye mwenyewe aliwahi kujaribu kulikwangua kwa ukucha. Lilipokwanguliwa lilitoka? Hakumbuki.

Miaka kadhaa baadaye, nilipokuwa nimeshaizoea kazi hii kiasi cha kuombwa na wengine, nilijifunza kwamba swali lile lina njia ya kulijibu. Alama iliyo mwilini hupigwa picha pamoja na mwili, hivyo kingo zake huwa na ulaini ule ule na chembechembe zile zile za ngozi inayoizunguka. Uchafu uliotua juu ya karatasi huwa na ukingo mkali usioafikiana na jirani zake. Kuitazama skani ya kwanza mara moja tu kungetosha. Skani ya kwanza nilikuwa nimeifuta kwa mkono wangu, na karatasi yenyewe, ambayo Mjomba aliirudishia fremu ikiwa imegusana na kioo, ilipata unyevu ikaganda, na siku walipojaribu kuibandua uso ulibaki kwenye kioo.

Mwaka 2012 lilitoka toleo la 2.8 la GIMP, lililotenganisha kuhifadhi na kusafirisha: ukihifadhi, unapata faili la programu yenyewe, na ukitaka JPEG ni lazima uombe waziwazi. Watumiaji wengi walilalamika kwamba wanasumbuliwa bure. Mimi nilinyamaza, ingawa najua kosa halikuwa la programu, kwani kutengeneza nakala ya faili kabla ya kuanza ni kazi ya sekunde mbili.

Nilimweleza binti yangu habari za muhuri. Akataka kujua kifungo cha kweli ni kipi, nikamwonyesha cha juu. Akauliza kama kuna mahali pengine nilipobandika, nikamwambia shavuni. Alipanda kiti, akakaribia hadi pumzi yake ikatia ukungu kwenye kioo, akapekua shavu lote kwa macho, akasema haoni kitu.

Nikamwambia kwamba nilipofika hapo nilikuwa nimeshauzoea muhuri.