Nilivyoripoti hitilafu ya kihariri cha msimbo hadi ikarekebishwa

Ripoti yangu ya kwanza kwa watengenezaji wa kihariri changu, yaani programu ninayoandikia msimbo wa kompyuta, ilikuwa na sentensi mbili: kwamba kubadilisha jina la kigeu (kihifadhi cha thamani ndani ya msimbo) kunaharibu msimbo, na kwamba jambo hilo lirekebishwe haraka. Baada ya siku chache ilifungwa kwa maelezo mafupi kwamba watengenezaji hawakufanikiwa kuliona tatizo hilo kwenye mashine zao. Nilikasirika, kwa kuwa msimbo ulikuwa umeharibika kweli na faili lilikuwa mbele ya macho yangu. Ilinichukua muda kukubali kwamba lilikuwa mbele ya macho yangu peke yangu.

Nilikuwa na kigeu kilichoitwa jumla, nikakiamuru kihariri kibadilishe jina hilo liwe jumlaKuu popote lilipotumika. Mahali pote palibadilika sawasawa isipokuwa mstari mmoja, ambao awali ulisomeka onyesha("Hongera 😀", jumla) na baada ya amri ukasomeka onyesha("Hongera 😀",jumlaKuua). Nafasi iliyokuwa baada ya mkato ilimezwa, na herufi a ya jina la zamani ikabaki ikining'inia mwishoni. Mara ya kwanza nilidhani nimegusa kitufe kwa bahati mbaya, nikatengua badiliko na kurudia. Matokeo yalikuwa yale yale, na hapo ndipo nilipopaswa kuanza kuandika, badala ya kukimbilia kulalamika.

Nilipoamua kuandika upya, kazi ya kwanza ilikuwa kupunguza. Mradi wangu ulikuwa na mamia ya mafaili, na hakuna mtu anayejitolea kusoma ripoti ambaye angeyapitia. Nikafungua faili jipya, nikaupachika mstari ule mmoja pamoja na ule unaokipa kigeu thamani yake, na hitilafu ikatokea tena. Kisha nikafuta emoji, hitilafu ikatoweka. Nikaweka mbili, na safari hii badiliko likaanza nafasi mbili kabla ya mahali pake. Nakiri kwamba nilifurahi kuliko nilivyostahili, maana nilikuwa nimepata kitu ambacho mtu yeyote angeweza kukijaribu kwa dakika moja.

Kazi ya pili ilikuwa kujua kosa ni la nani. Kihariri changu kilikuwa na viendelezi 23, yaani programu ndogo za kukiongezea uwezo, na kuvizima kimoja kimoja kungechosha, kwa hiyo nilizima nusu, nikajaribu, kisha nikaigawa tena nusu iliyobaki na hatia. Kwa njia hiyo viendelezi 23 humalizika kwa raundi tano tu. Aliyebaki mwishoni alikuwa kiendelezi cha lugha niliyokuwa nikiitumia, kilichoandikwa na watu wengine kabisa. Kihariri nilichokuwa nimekilaumu hakikuwa na kosa lolote, na ripoti yangu ya kwanza ilikuwa imepelekwa kwenye mlango usio wake.

Ripoti ya pili niliipeleka kwa wahusika. Niliandika toleo la kihariri, toleo la kiendelezi na mfumo wa uendeshaji, nikaambatisha faili la mistari miwili, nikaeleza nilichobonyeza hatua kwa hatua, nikaonyesha mstari nilioutarajia na chini yake mstari nilioupata. Niliutoa kama maandishi, si picha ya skrini, ili msomaji aunakili bila kuuandika upya. Dhana yangu kuhusu emoji niliiweka mwisho kabisa na kusema wazi kwamba ni dhana, kwa sababu anayeanza na dhana humvuta msomaji upande wake kabla hajaona ushahidi.

Jibu lilikuja siku iliyofuata. Itifaki ya seva ya lugha, ambayo tangu 2016 imekuwa njia ya kawaida ya viendelezi kuzungumza na vihariri, kwa chaguo-msingi huhesabu nafasi kwenye mstari kwa vizio vya UTF-16, mfumo mmojawapo wa kuwakilisha herufi kwa namba kwenye kompyuta. Katika mfumo huo herufi za kawaida huchukua kizio kimoja, lakini emoji kama ile yangu huchukua viwili. Kiendelezi kilikuwa kinaihesabu kuwa kimoja, hivyo kila kilichokuja baada ya emoji kilielekezwa hatua moja nyuma. Toleo la 3.17 la itifaki, la mwaka 2022, linaruhusu pande mbili kukubaliana juu ya namna nyingine ya kuhesabu, ila kiendelezi hiki kilikuwa hakijawahi kukubaliana na yeyote.

Wakati nikisubiri marekebisho niliandika pia ombi la kipengele kipya: kitufe cha kuzuia kubadilisha jina katika mistari yenye emoji. Nikaulizwa swali moja tu, kwamba ninataka kujikinga na nini hasa. Nilipojibu kuwa ninataka kuona mabadiliko kabla hayajaandikwa, nilielekezwa kwenye hakikisho ambalo kihariri kilikuwa nalo muda wote. Ombi langu la kitufe, ambalo sasa linanichekesha, niliandika jingine mahali pake: kwamba hakikisho hilo liwekwe mahali panapoonekana, ndani ya kisanduku kile kile cha kuandikia jina jipya. Hilo bado liko wazi, na watu wengine wameongeza chini yake hali zao wenyewe.

Marekebisho ya hitilafu yalitoka katika toleo lililofuata. Nilifungua faili langu la mistari miwili, nikabadilisha jumla kuwa jumlaKuu, na nafasi baada ya mkato ikabaki mahali pake. Nikaandika kwenye ripoti kwamba nimethibitisha, nikitaja namba ya toleo, nao wakaifunga.