Ritani mbili za Marekani kwa mwaka mmoja wa kufundisha Kiswahili

Mwaka wa masomo wa Marekani huanza Agosti na kumalizika Mei, lakini mwaka wao wa kodi ni Januari hadi Desemba. Mwalimu wa Kiswahili anayekwenda kule kwa mkataba wa mwaka mmoja wa masomo anaangukia miaka miwili ya kodi. Anawasilisha ritani mbili, yaani taarifa za mapato na kodi ya kila mwaka, na ya pili inamkuta ameshafungua mabegi nyumbani. Mimi nilifundisha chuo kikuu kimoja cha jimbo kuanzia Agosti 2023 hadi Mei 2024, kwa viza ya J-1 ya walimu na watafiti. Naandika kwa ajili ya walimu wenzangu wanaoondoka kila mwaka, kwa sababu maandalizi ya safari hugusa baridi, bima na nauli, na kodi inabaki ya kujitafutia.

Swali la kwanza kabisa ni kama wewe ni mkazi kwa hesabu za kodi. Halihusiani na ulipolala wala na muhuri wa uhamiaji peke yake. Mamlaka yao ya mapato, IRS, ina kanuni ya siku: unachukua siku zote ulizokuwepo mwaka huo, unaongeza theluthi ya siku za mwaka uliotangulia, na sehemu ya sita ya siku za mwaka wa nyuma yake. Jumla ikifika 183, na mwaka wenyewe ukiwa na siku zisizopungua 31, wewe ni mkazi. Kwa kanuni hiyo tupu, mtu aliyefika Agosti na kuondoka mwishoni mwa Mei anaweza kabisa kuvuka kiwango katika mwaka wa pili. Kinachombadilisha ni viza. Siku za mwalimu wa J-1 hazihesabiwi kwa miaka miwili ya kalenda, mradi hajaitumia nafuu hiyo katika miaka sita iliyotangulia. Fomu 8843 ndiyo inayotoa maelezo hayo, na unaijaza hata kama hukupata senti.

Kwa hiyo nilikuwa asiye mkazi miaka yote miwili, na fomu yangu ilikuwa 1040-NR. Hapa ndipo wengi wanaponasa. Programu nyingi zinazotangazwa redioni kila Februari zinatengeneza fomu 1040 ya wakazi, na fomu ile inavutia. Tuseme mtu alilipwa dola 12,000 kati ya Agosti na Desemba 2023. Mkazi asiye na ndoa alikuwa na punguzo la kawaida, yaani kiasi cha mapato kisichotozwa kodi, la dola 13,850 mwaka huo, kwa hiyo kodi yake ya serikali kuu ni sifuri na makato yote anarudishiwa. Asiye mkazi hana punguzo hilo. Anaruhusiwa kuondoa vitu vichache, hasa kodi ya mapato aliyolipa jimboni. Tukiiacha hiyo kando, dola 11,000 za kwanza anatozwa asilimia 10, na 1,000 iliyobaki asilimia 12. Jumla ni dola 1,220. Niliwaona vijana wakishangilia fedha walizorudishiwa kwa fomu isiyo yao, na niliwahurumia. Kosa hilo hurekebishwa kwa fomu 1040-X, fedha zinarudishwa, na riba inakuwa imeshaanza kuhesabiwa.

Chuo kilitupa namba za kuingilia Sprintax, programu iliyotengenezwa kwa ajili ya wasio wakazi. Inauliza pasipoti, hati ya DS-2019 inayothibitisha mpango wako wa J-1, namba ya Hifadhi ya Jamii, na tarehe za kuingia na kutoka, ambazo unazipata kwenye rekodi yako ya I-94 mtandaoni. Ukiwa na vitu hivyo mezani, pamoja na W-2, taarifa ya mshahara na makato ya mwaka, ambayo mwajiri anatakiwa kuitoa kufikia tarehe 31 Januari, kazi yenyewe si kubwa. Ritani ya jimbo ni nyingine, ina fomu zake na huambatanishwa na nakala ya ile ya serikali kuu. Zote mbili nilizimaliza mwezi Machi; mwisho wa ile ya serikali kuu ni 15 Aprili.

Jambo lililonichukulia muda ni makato ya Hifadhi ya Jamii, yaani pensheni, na Medicare, bima ya matibabu ya uzeeni. Kwenye hati yangu ya kwanza ya mshahara nilikuta asilimia 6.2 ya kwanza na asilimia 1.45 ya pili. Nilimwonyesha mwalimu mmoja kutoka Kenya aliyekuwa ametutangulia kufika. Akaikunja ile karatasi akanirudishia. "Mwalimu, hiyo mistari miwili haikuhusu. Waandikie leo, usingoje W-2."

Alikuwa sahihi. Sheria inamwondoa asiye mkazi wa J-1 katika makato hayo kwa kazi aliyoendea. Na hili ni la haki hasa: mtu anayeondoka Mei hatapata pensheni ya kule wala matibabu yake ya uzeeni. Kwa mshahara wa mfano wetu wa dola 12,000, mistari hiyo miwili ni dola 918. Kwa mwalimu wa Morogoro hiyo ni ada ya mtoto.

Ofisi ya mishahara ilijibu kwamba itaangalia. Niliendelea kuandika, kila mara kwa barua pepe ili maneno yabaki, nikiambatanisha DS-2019 na ukurasa wa viza. Makato yalisimama Januari. Ya 2023 hawakuyarudisha. Utaratibu ni kumwomba mwajiri kwanza; akikataa au akinyamaza, ndipo unakwenda IRS kwa fomu 843 pamoja na fomu 8316, ambayo inaeleza jibu la mwajiri. Nilitumia zile barua pepe kama ushahidi, nikaweka W-2, I-94, viza na DS-2019, na bahasha ikaenda Ogden, Utah. Madai haya hayaunganishwi na ritani. Kila moja ina bahasha yake na ofisi yake.

Akaunti yangu ya benki ya kule sikuifunga. Nasisitiza hapa, kwa maana wengi hufunga kila kitu wiki ya kuondoka. IRS huweka marejesho kwenye akaunti ya benki ya Marekani, na hundi ya dola inayosafirishwa kwa posta hadi Tanzania ni safari ndefu yenye mwisho wa mashaka. Benki niliipa anwani mpya, na IRS vilevile kwa fomu 8822. Fedha za makato ziliingia nikiwa nyumbani, baada ya kungoja sana.

Ritani ya 2024 niliitengeneza Morogoro mwanzoni mwa 2025. W-2 niliipakua kwenye mfumo wa chuo, kwani kabla ya kuondoka nilihakikisha akaunti yangu imeunganishwa na barua pepe yangu binafsi badala ya ile ya kazi, ambayo hufungwa mkataba ukiisha. Niliamua kutuma karatasi. Unaisaini kwa wino, na muhuri wa posta ya huku unakubalika kama uthibitisho wa tarehe.

Halafu kuna TRA, Mamlaka ya Mapato Tanzania. Tanzania ina mikataba ya kuepuka kutozwa kodi mara mbili na nchi chache, zikiwamo Zambia, India na Sweden, lakini Marekani haimo. Mkazi wa Tanzania anatozwa kwa mapato yake ya dunia nzima, na mtu mwenye makazi ya kudumu hapa aliyekuwepo hata sehemu ya mwaka ni mkazi. Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004 inakuruhusu kupunguza kodi uliyolipa nje, ila nafuu hiyo haizidi kodi ambayo mapato hayohayo yangetozwa hapa. Kwa kuwa kiwango cha juu cha hapa ni asilimia 30, na kule nilikatwa kidogo zaidi, nafuu haikufuta deni lote. Nilikwenda ofisi ya mkoa na TIN yangu, W-2, nakala za ritani na taarifa ya akaunti yangu ya IRS, nikapewa maelezo kwa utulivu, nikalipa tofauti. Anayepanga bajeti ya mwaka wake wa Marekani aitenge sehemu hiyo tangu mshahara wa kwanza, na kumbukumbu zote azitunze miaka mitano, ambayo ndiyo TRA inaidai.