Miaka 12 London, nije nipotee Chang'ombe

"Kwani dada, wewe mgeni?"

Ndivyo alivyoniuliza kijana wa bajaji juzi jioni, tumeshazunguka mtaa uleule mara ya tatu. Na mimi ndiye niliyemwambia kwa kinywa kipana, pale stendi Nanenane, asihangaike na simu, nimezaliwa huku, nitamwelekeza. Tulikubaliana elfu tano. Alipouliza swali lile bei ilikuwa imefika elfu nane na bado nilikuwa sijui niko wapi.

Limeniuma kuliko nilivyotegemea. Dodoma! Chang'ombe yenyewe, hii ya Dodoma, si ile ya Dar. Ningeulizwa hivyo London nisingejali, maana kule nimeshazoea kuonekana mjinga.

Wanaonifuata humu siku nyingi wanaijua habari ya Edgware. Kwa wageni naisimulia tena kwa kifupi. Kazi yangu ni kuhudumia wazee majumbani mwao: asubuhi nyumba hii, baada ya saa moja nyumba ile. Mwezi wa kwanza niliambiwa nishuke Edgware Road. Mimi nikaona treni imeandikwa Edgware, nikapanda. Nikakaa, nikakaa, watu wakapungua, nyumba zikawa za chini, bustani zikaongezeka, hadi treni ikafika mwisho wa reli. Edgware Road iko katikati ya jiji. Edgware iko pembezoni kabisa. Kinachokera zaidi ni kwamba barabara hiyo, ambayo asili yake ni ya Warumi, kweli inaenda Edgware, kwa hiyo hata huwezi kusema jina limedanganya. Na ukirudi Edgware Road sahihi unakuta ni stesheni mbili zenye jina hilohilo, kila moja na mlango wake. Mzee wa watu alikuwa anasubiri chai tangu saa tatu. Nilifika saa tano kasoro.

Sasa ninyi mnaoniuliza nauli na viza, sikieni hili ambalo mawakala hawawaambii. Kazi ya kuzungukia wazee, kwa mwajiri niliyeanza naye, unalipwa dakika za ndani ya nyumba tu. Njiani ni kwako. Ukipotea ni kwako. Nikipotea dakika arobaini, nimezitoa mfukoni mwangu, na mteja anayefuata ananuna juu yake. Kama una kichwa cha njia kama changu, tafuta kazi ya sehemu moja: jikoni, ghalani, popote, mradi mlango ni mmoja.

Na msiitegemee ile ramani ya treni za chini. Nzuri sana, mistari imenyooka, rangi zimepangwa kama khanga dukani. Ilichorwa na bwana mmoja aliyekuwa akichora michoro ya umeme, Harry Beck, ikatolewa 1933, na hakujali umbali. Kutoka Leicester Square hadi Covent Garden ni kama mita 260, sawa na kutoka kwetu hadi mashine ya kusaga, lakini mimi nilikuwa nakata nauli, nashuka chini ya ardhi, nasubiri treni, napanda tena juu. Miezi minne hivyo!

Jua nalo halisaidii. Hapa kwetu mchana liko utosini. Kule siku zote limelalia kusini, na mwezi wa 12 saa kumi jioni limeshazama. Unatoka kazini gizani, barabara zinapinda bila sababu, na kila nyumba ni ya matofali yaleyale mekundu. Kuuliza? Kila mtu kaziba masikio.

Ila nisiwe mchoyo. Usiku mmoja wa mvua, simu imezima, nilimgongea kioo dereva wa teksi nyeusi kwenye taa. Hakunitoza kitu. Alishusha kioo akaniambia bila kutazama popote: ya pili kulia, pita kanisa, ukiona baa yenye kibao cha kijani, nyuma yake. Kama anayenielekeza kwa shangazi! Baadaye nikajua wale lazima wajifunze kwa kichwa mitaa kama 25,000 kabla ya kupewa leseni, wengi huchukua miaka mitatu, minne, na watafiti walipopima ubongo wao wakakuta sehemu inayotunza njia imetanuka. Yangu nadhani haikuja kabisa.

Siku zote nimekuwa nikijitetea hivi: tatizo ni London. Nyumbani nisingepotea.

Turudi kwenye bajaji. Nilipoondoka 2013 basi la Dar lilikushusha mjini, unabeba begi lako unatembea. Sasa stendi ni hiyo ya Nanenane, huko Nzuguni. Serikali nayo imehamia kweli, jambo lililoamuliwa 1973, sisi tukakua tunalifanyia utani. Palipokuwa na kiwanja cha mpira pana ukuta, na baada ya ukuta pana ukuta. Nyumba zimewekwa vibao vya namba, mitaa ina majina kwenye nguzo, vizuri mno, lakini muulize mtu yeyote namba ya kwao uone atakavyokushangaa. Nikamwambia kijana, "Tafuta mbuyu." Akaniuliza mbuyu upi. Nikampigia mama.

"Unaona nini hapo?"

"Ukuta. Na kibanda cha wakala."

"Rangi gani?"

"Mama, kuna giza."

"Mpe simu huyo kijana."

Kijana akasikiliza, akamsalimia kwa Kigogo, mbukwenyi, akacheka, akaitikia "ndiyo mama" kama mara sita, akageuza bajaji. Dakika mbili. Kumbe tulikuwa nyuma ya nyumba yetu, mama kasimama barabarani na tochi, khanga kajifunga kifuani.

Nikatoa elfu kumi, nikamwambia abaki na chenji. Mama akamuuliza kama nimemsumbua sana. Kijana akasema kidogo.

"Mvumilie," mama akasema. "Huyu tukimtuma chumvi hapo dukani, ilibidi tumtume na mdogo wake."