Kiwanja cha gereji Tabora: sampuli za udongo zimepatikana

Hatimaye nimechimba. Kiwanja ni hiki cha familia hapa Isevya, zamani kilipangishwa fundi gereji na pembeni yake akawepo fundi betri, sasa mama anataka pawe bustani ya mchicha na matembele, nikamwomba asubiri kwanza tujue humo ardhini kuna nini, maana betri ya gari ndani ni risasi (ile metali yenye sumu, sio ya bunduki) na asidi na vyote vilikuwa vinamwagwa hapohapo.

Oili hainitishi sana, unaiona, unainusa, na bakteria wa udongoni wanaila taratibu. Risasi haiozi. Inang'ang'ania udongo wa juu, mara nyingi zile sentimita 15 au 20 za mwanzo, yani palepale watoto wanapochezea na mvua inaporushia mboga matope. Kwa mtoto inaharibu ubongo na hakuna kiwango kinachojulikana kuwa salama. Alafu kuna wajawazito wanaokula udongo, tusijifanye hatulijui hilo.

Kabla ya kugusa jembe nilienda kwa mzee jirani, shikamoo babu, nikamuuliza fundi betri alikuwa anakaa wapi. "We mjukuu wangu nenda pale majani yalipokataa kuota," akanionyesha nyuma karibu na ukuta, asidi ilikuwa inaishia huko. Nilishachora miraba yangu vizuri kwenye karatasi, ila kwakweli babu kanisaidia kuliko karatasi.

Kwa hiyo vipande ni ukutani, katikati yalipokuwa yanapaki magari, mbele kwenye baraza, na udongo wa kulinganishia chini ya mwembe mbali na gereji, maana udongo wowote una risasi kidogo ya asili. Watu wengi wanachota kila kona wanachanganya ndoo moja, na hiyo ni sawa kama unataka kujua mbolea ya mahindi, ila kwa sumu unajidanganya: doa moja kali ukilichanganya na udongo safi mara tisa yake, maabara itakusomea kama sehemu moja ya kumi tu na utapanda mchicha kwa furaha. Mimi nimechanganya ndani ya kipande kimoja tu, pointi tano kila kipande, na kina mbili tofauti, sentimita 0–15 na 15–30.

Hapo kwenye kina ndo kuna kazi. Udongo wetu wa kichanga wa Tabora kiangazi hiki unamwagika kama sukari, ukitoboa kashimo kembamba, wa juu unaporomokea chini na sampuli zote zinakuwa kitu kimoja. Dawa yake ni kuchimba shimo pana, unakwangua ukuta wa shimo kuondoa kilichoporomoka, ndo unachota kwa pembeni. Nimechotea kijiko kikubwa cha stenlesi na ndoo ya plastiki, ya mabati sikutaka kwa sababu ya zinki. Nimeanza mwembeni nikamalizia ukutani, kutoka pasafi kwenda pachafu, na kila nikihama naosha kijiko kwa yale maji safi ya kuongezea betri, ambayo yamenichekesha kidogo, betri imeleta balaa na maji yake ndo yanasafisha.

Za risasi nimeanika kivulini kwenye karatasi, nikachekecha, zikaingia mifuko ya zipu. Za oili hazianikwi, zinapotea hewani, zenyewe ziko kwenye chupa za kioo na barafu. Udongo wa ukutani nimeugawa mifuko miwili yenye namba tofauti bila kuwaambia maabara, majibu yakipishana sana nitajua namba zao nizichukulieje.

Nimejaribu pia karatasi za pH (zinapima ukali wa asidi, namba ikiwa chini ya 7 ni asidi, ikishuka zaidi ni kali zaidi) na yale maji ya kuongezea betri: mwembeni karibu 6, ukutani inacheza kwenye 4. Hiyo sijaipenda, asidi inailegeza risasi ishuke chini, ndo maana ile 15–30 ya ukutani naisubiri kuliko zote.

Boksi linaenda Morogoro, SUA (Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo) wana maabara ya udongo. Majibu nitayapima na kipimo cha Marekani, kwao udongo wa makazi ulikuwa unachunguzwa zaidi kuanzia miligramu 400 kwa kilo, mwaka 2024 wakashusha mpaka 200. Mama kwa sasa kaotesha mchicha kwenye viroba, udongo tumeutoa shambani, na viroba viko upande wa barabara, sio ukutani.