Radiolojia inaenda kulipwa kwa thamani, sio kwa wingi wa picha

Wadogo zangu wanaomaliza udaktari hapa Mwanza wananiuliza sana kama radiolojia, yaani udaktari wa kusoma picha za ndani ya mwili, bado ni fani ya kuingia, maana wamesikia huko mbele hela haitafuata tena idadi ya picha ulizosoma. Mimi nawaambia waingie, ndo kwanza inaanza kunoga.

Wazo lenyewe lilipata nguvu Marekani mwaka 2006, wasomi wa mambo ya biashara Michael Porter na Elizabeth Teisberg walipolitetea: thamani ya huduma ni matokeo anayopata mgonjwa ukilinganisha na gharama iliyotumika kuyapata. Kule mtu alizoea kulipwa kwa kila kipimo, ukisoma CT nyingi (picha za eksirei zinazounganishwa na kompyuta) unaingiza hela nyingi, imemsaidia mgonjwa au haijamsaidia. 2013 chama cha madaktari wa radiolojia cha huko, ACR, kikaja na mpango wa Imaging 3.0 wa kuwatoa watu wao kwenye wingi kuwapeleka kwenye thamani.

Sasa lilete huku kwetu ziwani. Mvuvi katoka Ukerewe, kapanda kivuko, kalala kwa ndugu Igogo, asubuhi anafika na fomu imeandikwa "maumivu ya tumbo", basi, hakuna kingine. Muulize kidogo tu, anakwambia mwezi uliopita alitapika damu na ziwani anaingia tangu mtoto. Hapo ushajua unatafuta nini. Ultrasaundi inakuonyesha makovu yamezunguka mishipa ya damu ndani ya ini, bandama imekuwa kubwa, presha kwenye mshipa unaoingia kwenye ini imepanda, yaani kichocho cha muda mrefu, na hujatumia mionzi wala bei ya CT. Ukiandika "bandama kubwa, linganisheni na dalili" karatasi imejaa lakini mgonjwa yuko palepale. Ukiandika kwamba inaendana na kichocho, aangaliwe mishipa ya umio kwa endoskopi, kamera inayopitishwa kooni, kabla haijapasuka tena, halafu ukampigia simu daktari aliyemtuma, umemsaidia kweli, na picha ni ileile.

Ila jamani thamani sio kubana vipimo tu, hapo wengi wanapotea. Huku kwetu kuna mama ana uvimbe kwenye titi miezi inakatika hajapata hata ultrasaundi, na wakati huohuo kijana mgongo umemuuma wiki moja, hana homa, hajaanguka, miguu ina nguvu, choo na mkojo viko sawa, anaandikiwa MRI, picha ya sumaku ya bei kubwa. Wa kusema mama apelekwe leo na kijana asubiri kwanza ni wewe mtu wa radiolojia, na hiyo ni kazi ya kuongea na wenzako wodini, sio kujifungia chumba cha giza.

Kinachonipa wasiwasi ni namna tutakavyopimwa. Sisi hatutoi dawa wala hatupasui, mgonjwa akipona sifa zinaenda kwa mwingine, kwa hiyo mameneja watakimbilia kitu rahisi kuhesabu, ripoti imetoka baada ya dakika ngapi. Haraka ni nzuri lakini ripoti ya haraka isiyo sahihi inaua. Tuna Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote tangu 2023, na naona walipaji watauliza zaidi na zaidi kipimo kimesaidia nini, so bora tuwahi kusema wenyewe tupimwe vipi: ripoti ngapi zimebadilisha matibabu, na ngapi zimekubaliana na kilichokutwa kwenye upasuaji au kwenye kinyama kilichopelekwa maabara.